Kulinda historia ya pembezoni mwa Dar es Salaam ni wajibu, si hisani

Jiji la Dar es Salaam limezoea kuhesabu umri wake kuanzia miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipojenga kasri lake kando ya bandari, jirani na kijiji cha Mzizima. Hesabu hiyo inawatosha wanaoishia katikati ya jiji. Kwa wakazi wa pembezoni ni dhuluma. Kunduchi, katika Manispaa ya Kinondoni, yapo mabaki ya msikiti wa mawe wenye umri wa takriban miaka 500. Mbuamaji, upande wa kusini wa bandari, katika eneo lililokuwa la Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya inayojitegemea, yapo mabaki ya msikiti na makaburi ya mji uliokuwa ukifanya biashara na bahari kabla Majid hajafikiria kuhamia bara. Msasani nayo ina makaburi yake ya kale, yaliyozungukwa na nyumba za watu.

Maeneo haya yanajulikana na wataalamu, na wenyeji wanayajua vizuri zaidi. Lakini mtoto anayesoma shule ya msingi Mbagala au Tegeta anaweza kumaliza darasa la saba bila kuyasikia. Anafundishwa Kilwa na Bagamoyo, na ni vyema afundishwe. Hafundishwi kwamba kata anayoishi, au kata ya jirani, ina historia ya namna hiyohiyo.

Msimamo wetu ni kwamba kuyalinda maeneo haya na kuandika habari za jamii zilizoyajenga ni wajibu wa kisheria wa mamlaka zilizopo, na wajibu huo haungoji mfadhili, mtalii wala mradi. Mamlaka zinazohusika zinafahamika kwa majina. Tunaandika ili kila moja ikumbushwe sehemu yake.

Tuanze na sheria. Tanganyika ilikuwa na kanuni ya kuhifadhi majengo ya kale tangu mwaka 1937. Baada ya uhuru, Bunge likatunga Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979. Sheria hiyo inalinda jengo, ngome, kaburi au kitu kingine chochote kilichojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Hata milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa pwani kabla ya mwaka 1940 zina ulinzi wake. Mwaka 2008 Serikali ikaongeza Sera ya Malikale. Maana yake ni kwamba msikiti wa Kunduchi na makaburi ya Mbuamaji hayahitaji tangazo jipya ili yawe mali ya kulindwa. Yamelindwa kwa umri wake. Anayeng'oa jiwe pale anavunja sheria, na ofisi inayoidhinisha ujenzi juu yake inavunja sheria pia.

Kinachokosekana ni utekelezaji, na ili kuona uzito wake ni lazima tueleze kilichopo.

Kunduchi ilikuwa makazi ya watu waliojua bahari na walioijua ardhi yao. Msikiti ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na kuunganishwa kwa chokaa iliyochomwa hapohapo pwani, kazi iliyohitaji mafundi, wakataji kuni, wavuvi wa kuzoa matumbawe na wachukuzi. Ukiuzunguka, yapo makaburi ya karne ya 18 na 19, mengine yakiwa na nguzo ndefu zilizopambwa kwa sahani za kauri kutoka China. Mtu wa Kunduchi aliyefariki wakati ule aliwekewa juu ya kaburi lake chombo kilichovuka Bahari ya Hindi, kwa kuwa familia yake iliweza kukinunua na ilitaka kila apitaye aone heshima yake. Sahani nyingi hazipo tena. Zimevunjwa au kubanduliwa, na katika nguzo yamebaki mashimo ya duara. Mibuyu imeota katikati ya makaburi. Kila sahani iliyobanduliwa iliondoka na ushahidi wa biashara, wa tarehe na wa ukoo, na ushahidi wa namna hiyo haurudi hata sahani yenyewe ikipatikana kabatini mwa mtu.

Miji hii midogo ilikaliwa na Washomvi, watu wa pwani ambao masimulizi yao yanaeleza kwamba wazee wao walitoka Barawa, katika pwani ya Somalia. Walivua, wakachemsha chumvi, wakafanya biashara. Nyuma yao, katika vilima na mabonde yanayoelekea Pugu na Kisarawe, waliishi Wazaramo, wakulima waliolisha pwani. Uhusiano wa jamii hizi mbili ndio msingi wa eneo lote tunaloliita leo mkoa wa Dar es Salaam. Masimulizi ya pande zote mbili yanamtaja Pazi Kilama, kiongozi wa Kizaramo aliyekuja na watu wake kuwasaidia Washomvi kuwafukuza Wakamba waliokuwa wakiwashambulia. Baada ya ushindi Washomvi wakakubali kuwapa Wazaramo ushuru ulioitwa kanda la pwani, wenye chumvi na bidhaa nyingine za baharini. Huo ulikuwa mkataba wa kisiasa kati ya watu wa pwani na watu wa bara, uliofanyika bila gavana wala sultani wa kuusimamia. Kijana wa Temeke au Kinondoni anastahili kuujua mkataba huo kama anavyoijua mikataba ya Karl Peters.

Lipo dai tunalolisikia mara kwa mara, kwamba magofu ya pwani ni mambo ya wageni, kwa hiyo yasitusumbue. Dai hilo ni la uongo na limetumika kuhalalisha uzembe. Utafiti wa wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Felix Chami, ambaye kitabu chake cha mwaka 1994 kinahusu pwani ya Tanzania katika miaka 1,000 ya kwanza baada ya Kristo, umeonyesha kwamba utamaduni wa pwani uliota kutoka kwa wakulima na wafua chuma walioishi hapa zamani sana, muda mrefu kabla ya misikiti ya mawe. Wageni walikuja, wakaoa, wakaishi, wakachanganyika. Mikono iliyokata mawe ya Kunduchi ilikuwa ya watu wa hapa. Anayeyaita magofu haya ya wageni anawanyang'anya wenyeji kazi ya babu zao.

Wajibu huu hauishii kwenye mawe ya kale. Historia ya pembezoni mwa Dar es Salaam ina sura ya karne ya 20 ambayo sheria ya mwaka 1964 haiilindi yenyewe, kwa sababu haikufikia umri uliotajwa. Uwanja wa Uhuru, ulioko Manispaa ya Temeke, ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kurasini, katika manispaa hiyohiyo, ndipo ilipokuwa Taasisi ya Msumbiji iliyowasomesha vijana wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kuanzia mwaka 1963. Oysterbay, Kinondoni, ndipo Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alipouawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi tarehe 3 Februari 1969. Magomeni, Kinondoni pia, ndipo Mwalimu Nyerere alipojenga nyumba yake baada ya kuacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955. Nyumba hiyo imehifadhiwa kuwa makumbusho, na hilo tunalipongeza. Linathibitisha kwamba kazi hii inawezekana ndani ya mtaa wenye watu, bila uzio wa kuwafukuza majirani.

Historia hiyo ina wenye nayo ambao hawatajwi katika vitabu. Wapo akina mama wa Magomeni na Temeke waliouza kadi za TANU nyumba kwa nyumba. Wapo wakazi wa Kurasini walioishi na wakimbizi wa Msumbiji na kugawana nao chakula. Wapo watu wa kusini waliopanda kwa Barabara ya Kilwa na kuifanya Temeke kuwa kituo chao cha kwanza mjini. Wengi wao wamefariki. Waliobaki ni wazee, na kila mwaka unaopita bila kinasa sauti kuwekwa mbele yao unapunguza tunachoweza kukijua.

Sasa tuseme hatari ilipo. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 katika Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima, na kati yao Temeke pekee ilikuwa na 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Watu hao wana haki ya kuishi, na wanahitaji ardhi. Katika soko la namna hiyo, eneo la kale lisilopimwa, lisilo na bikoni wala hati, huonekana na dalali kuwa kiwanja kitupu. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Kigamboni mwaka 2016, pwani ya kusini iliyokuwa ikifikiwa kwa pantoni ikawa jirani na katikati ya jiji. Daraja ni neema kwa wakazi. Lakini mnunuzi hufika kwa daraja hilohilo, na asipokuta mpaka ulioandikwa hana cha kumzuia.

Bahari nayo inadai sehemu yake. Fukwe za Kunduchi zimekuwa zikimomonyoka kwa miongo kadhaa, na wataalamu wameeleza mchango wa uchimbaji wa mchanga katika mito inayoshusha mchanga huo pwani, ikiwemo Tegeta na Mbezi. Anayechimba mchanga mtoni bila kibali anapunguza ufukwe unaowalinda wavuvi wa Kunduchi na makazi yao ya kale. Na pale penye nia njema isiyo na utaalamu, uharibifu huja kwa njia ya saruji. Ukuta wa chokaa na matumbawe unahitaji kupumua. Ukizibwa kwa saruji unahifadhi unyevunyevu na chumvi ndani yake, na jiwe linaoza likiwa limefichwa. Ukarabati wa majengo haya ni kazi ya fundi wa chokaa chini ya mtaalamu wa mambo ya kale, na fundi wa kawaida asiachiwe peke yake hata kama amejitolea.

Hatusemi kila kilichozeeka kibaki kilivyo. Kota za Magomeni zilibomolewa, na mwaka 2022 kaya 644 zikapata makazi mapya katika maghorofa yaliyojengwa mahali pale. Wakazi wale walistahili nyumba bora. Tunachosisitiza ni kanuni moja: mtaa ulioishi watu kwa miongo kadhaa usibomolewe kabla haujapigwa picha, haujachorwa na wakazi wake hawajasikilizwa na maneno yao kuandikwa. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo kuliko ya kifusi kinachobebwa siku ya kwanza ya ubomoaji.

Kuhusu fedha, tunajua jibu litakalotolewa. Tutaambiwa bajeti ni finyu, kwamba kuna mitaro ya kuchimba, madarasa ya kujenga na zahanati za kuendesha. Ni kweli. Lakini hatua za kwanza katika jambo hili hazihitaji mabilioni. Kupima eneo, kuweka bikoni, kuliingiza katika ramani ya mipango miji na kuandika jina la mlezi wake ni kazi za kila siku za idara zilizokwisha kuajiri wapima na maofisa mipango. Kinachohitajika ni amri na tarehe ya mwisho.

Taifa hili limekwisha kuona matokeo ya njia zote mbili. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya kuharibika. Kazi ikafanyika, wenyeji wakashirikishwa, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Zanzibar, kwa upande mwingine, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo hilo lilikuwa maarufu kuliko yote katika Mji Mkongwe. Ikiwa jengo maarufu namna ile liliweza kufikia hapo, makaburi ya Mbuamaji yasiyo na mgeni wala kibao yana ulinzi gani?

Kwa hiyo tunagawa wajibu kama ifuatavyo.

Wizara ya Maliasili na Utalii, kupitia Idara ya Mambo ya Kale, ndiyo mlinzi wa kisheria. Katika miaka ya karibuni baadhi ya maeneo ya kihistoria nchini yamewekwa chini ya taasisi za uhifadhi wa wanyamapori na misitu ili yapate usimamizi na mapato. Mgawanyo huo usitumike kupokezana lawama. Kwa kila eneo la kale katika Dar es Salaam, Wizara itangaze hadharani ni taasisi ipi inawajibika na ni ofisa mwenye cheo gani anapokea taarifa za uharibifu. Waziri atumie mamlaka aliyopewa na sheria kuyatangaza maeneo ya karne ya 20 yanayostahili, kuanzia yale ya harakati za ukombozi. Nchi iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) tangu mwaka 1963 haina udhuru wa kuwaacha wajukuu wake wakiuliza majirani Mondlane aliuawa wapi.

Halmashauri za Kinondoni, Temeke na Kigamboni ni mamlaka za upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Zina kazi tatu. Zipime na kuwekea mipaka kila eneo la kale lililomo katika kata zake. Zikatae kibali chochote cha ujenzi kinachogusa mipaka hiyo, hata mwombaji awe nani. Zihakikishe kwamba urasimishaji wa makazi, unaoendelea mtaa kwa mtaa, haugeuki njia ya kumpa mtu hati juu ya makaburi ya wengine. Vikundi vya vijana vinavyotaka kuongoza wageni, kutunza mazingira ya magofu au kurekodi masimulizi ya wazee vifikiriwe katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kama vinavyofikiriwa vya bodaboda na ufugaji wa kuku.

Maofisa ardhi na wenyeviti wa serikali za mitaa wanapaswa kuelezwa bila kuficha. Saini na muhuri wa ofisi ya mtaa ndivyo vinavyoanzisha safari ya mauziano mengi ya viwanja pembezoni mwa jiji. Mwenyekiti anayegonga muhuri kwenye mauziano ya eneo analojua fika kuwa ni la kale ameshiriki katika kosa, na asijitetee kwamba hakuona kibao. Alizaliwa akipaona.

Shule na vyuo vina sehemu yao. Mwalimu wa historia Mbagala, Bunju au Toangoma hahitaji basi la kwenda Bagamoyo ili awape wanafunzi somo la pwani. Awapeleke Kunduchi au Mbuamaji kwa daladala, kwa ruhusa na kwa adabu ya mahali penye makaburi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiwaelekeze wanafunzi wake wa akiolojia na historia kufanya tasnifu zao ndani ya mkoa, na nakala za kazi hizo zifike katika ofisi za kata na maktaba za shule. Utafiti uliofanywa kwa maneno ya bibi wa Kunduchi usiishie katika rafu ambayo wajukuu wake hawawezi kuifikia.

Wawekezaji na wajenzi nao wanafungwa na sheria. Miradi mikubwa inatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tathmini isiyotaja kaburi la kale lililomo ndani ya eneo la mradi irudishwe kwa aliyeiandika.

Mwisho wapo wenyeji wenyewe, na kwao tunasema kwa heshima. Wao ndio waliotunza maeneo haya wakati ofisi zilipoyasahau. Katika pwani yetu bado wapo watu wanaokwenda kwenye makaburi ya wazee kusoma dua, kufagia na kuchoma ubani. Mpango wowote wa uhifadhi utakaowafungia nje kwa uzio na tiketi utakuwa umewapokonya walinzi halali kazi yao. Tunawaomba wazee wa koo za Washomvi na Wazaramo, na viongozi wa misikiti iliyo jirani na magofu, wakubali kurekodiwa na wadai nakala. Tunazitaka familia zenye picha, barua au kadi za chama za miaka ya 1950 zisizitupe wakati wa kuhama nyumba. Na mwenye sahani au mlango uliotoka katika eneo la kale aujue msimamo wa sheria, na atoe taarifa kabla hajaulizwa.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Kabla ya tarehe hiyo, kila moja ya halmashauri hizi iwasilishe mbele ya baraza lake la madiwani daftari la maeneo yake ya kihistoria, lenye mahali, mipaka, hali ya sasa, jina la taasisi inayolilinda na fedha iliyotengwa kwa kazi hiyo, hata ikiwa kidogo. Kikao kiwe cha wazi na daftari libandikwe katika ofisi za kata. Diwani ambaye kata yake ina eneo la kale lisilomo katika daftari hilo awaeleze wapiga kura wake sababu, na mkurugenzi asiyeliwasilisha aieleze mamlaka iliyomteua. Sheria ya jambo hili imetimiza zaidi ya miaka 60, na waliokabidhiwa kuitekeleza wanalipwa mshahara kila mwezi kwa kazi hiyo.